Maswali ya Waandishi: Mpelelezi Aliyefiwa

SWALI: Naandika riwaya tatu za kusisimua zenye mpelelezi mmoja. Mkewe anauawa katika sura ya 2 ya kitabu cha kwanza. Waliosoma rasimu wanasema humo jamaa analia mno, halafu kitabu cha pili anakuwa kama mtu asiyewahi kuoa. Nifanyeje?

JIBU: Chora kalenda kwanza. Andika siku ya mauaji, kisha siku kila kitabu kinapoanza na kwisha. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, DSM-5-TR, unataka dalili za kiwewe zidumu zaidi ya mwezi 1 ndipo ziitwe PTSD, yaani ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe. Majonzi yaliyopitiliza, kwa mtu mzima, yanasubiri miezi 12. Basi kama kitabu cha kwanza kinaisha wiki 3 baada ya mauaji, daktari yeyote utakayemweka sura ya mwisho atakuwa anawahi mno kumpachika PTSD. Zile ngazi 5 za majonzi (kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali) nazo ziache. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizitoa mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, wala si lazima mtu azipande kwa zamu.

Majonzi na kiwewe havivutii upande mmoja. Majonzi humrudisha kwa marehemu. Kiwewe humkimbiza mbali na siku ile. Mtu huyohuyo hulala na shati la mkewe, na huzunguka mitaa minne asipite pale alipouawa. Hapo ndipo penye utamu wa kuandika, kuliko machozi.

Chagua dalili 2 au 3, usizidishe, na kila moja imharibie kazi. Tuseme birika lilikuwa linapiga mluzi mkewe alipopigwa risasi. Sasa anamhoji shahidi jikoni, birika linaanza kulia, na kwa sekunde chache hasikii kitu. Ndani ya sekunde hizo shahidi anataja jina. Msomaji amelisikia, mpelelezi hakulisikia, na sura tatu mbele mtu anakufa kwa sababu hiyo.

Kitabu cha pili, badilisha dalili, usizifute. Kilio kimekauka, lakini amekuwa mkali kwa wenzake, anachagua kiti kinachotazama mlango, na kwenye fomu ya kazini, palipoandikwa ndugu wa karibu, mkono umeshaandika jina la mke kabla hajakumbuka.

SWALI: Amuue muuaji mwishoni mwa kitabu cha kwanza, au nimwekee akiba hadi cha tatu?

JIBU: Ukimwekea akiba, kitabu cha pili kitakuwa cha kupoteza muda, na wasomaji wa aina hii hunusa haraka. Ukimuua halafu ukazua bosi wake aliyejificha, wamekwisha kuliona hilo mara nyingi. Sisi tungemuua mapema, ila kisasi kisilete nafuu. Wanasaikolojia Carlsmith, Wilson na Gilbert walichapisha mwaka 2008 majaribio ya mchezo wa fedha ambamo mchezaji mmoja huwasaliti wenzake. Waliopata nafasi ya kumwadhibu msaliti waliishia kujisikia vibaya kuliko walioikosa, maana waliendelea kumfikiria.

Halafu kuna jambo ambalo rasimu nyingi hulisahau: mauaji hayo nayo yana jalada. Ganda la risasi limebaki, simu ya mpelelezi wako ilishika mnara wa jirani, na kuna mpelelezi mwingine aliyepewa kesi. Mfanye huyo awe rafiki yake, na kitabu cha pili umekipata.

SWALI: Kumbukumbu zake nimeziandika kwa herufi za mlazo, kurasa 4 kila moja. Ni sawa?

JIBU: Hapana. Kumbukumbu ya kiwewe huvamia kwa vipande: mluzi, harufu ya baruti, kiatu kimoja mlangoni. Mpe mistari 2 au 3 katikati ya tendo, kisha mrudishe kwenye tendo hilohilo akiwa amechelewa. Tukio zima lisimuliwe mara moja tu katika vitabu vyote, na alisimulie mwenyewe kwa mdomo, mbele ya mtu anayeweza kumkatiza kwa swali.