Mchanga wa asubuhi si mchanga wa saa saba

Nina zaidi ya miaka kumi kwenye kazi ya kulaza mabomba ya maji, mingi nimeimalizia Kigamboni na Mbagala. Kijana anayeanza kusimamia vibarua akiniuliza aogope nini kwanza, namwambia aogope mtaro uliosimama vizuri.

Mchanga wa pwani una ujanja wake. Ukichimba asubuhi bado una unyevu wa usiku, na kuta zinasimama wima mpaka alama za chepe zinaonekana. Jua likipanda unyevu ule unakauka, na mchanga mkavu hauna cha kuushika. Utaona punje zinateremka ukutani kidogo kidogo, kama sukari inayovuja kwenye kiroba. Taarifa ndiyo hiyo, usisubiri nyingine.

Mimi niliiona siku moja, nikaichukulia poa. Mtaro ulikuwa na kina cha mita moja na nusu hivi, maana bomba lilitakiwa lipite chini ya kalavati la zamani. Dogo mmoja alikuwa chini, ameinama anakaza kiungio. Nikamwambia atoke tupanue. "Bosi, namalizia, dakika mbili tu." Nikamwacha. Ukuta wa upande wenye kifusi ukashuka wote kwa mkupuo, bila hata kelele, ukamfukia mpaka kifuani.

Tulimtoa akiwa hai baada ya kama dakika ishirini, na dakika zile zimenifundisha kuliko kozi yoyote. Mwenzake alitaka kuruka ndani, nikamshika shati: ukuta wa pili huwa unawangoja waokoaji. Tulilaza mbao kingoni ili uzito wetu usambae, tukasogeza kifusi mbali, ndipo wawili wakashuka. Karibu na mwili walichimba kwa mikono na sahani, si kwa chepe. Kuna aliyeleta kamba tumvute, nikakataa, maana mtu aliyebanwa na mchanga ukimvuta unamvunja. Kila akitoa pumzi mchanga ulijaza nafasi iliyoachwa na kifua, na pumzi inayofuata ikawa fupi zaidi. Alipotoka akasema yuko sawa. Tulimpeleka hospitali hivyo hivyo. Mwili uliokandamizwa unaweza kubadilika baadaye, usimsikilize.

Wengi wanadhani mtaro unaoua ni ule wa mita tatu. Pima kina kwa mtu aliyeinama, kwa sababu anayeunganisha bomba kichwa chake kiko kwenye usawa wa magoti yako ukisimama naye mtaroni. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu, wakati mwingine karibu mbili. Na kosa la siku ile lilikuwa letu: vibarua walikuwa wanamwaga kifusi pale pale mdomoni ili wasichoke kurusha. Siku hizi kikiwa karibu kuliko sentimita 60 nasimamisha kazi, na wananinung'unikia kila siku.

Kwangu, kuanzia mita 1.2 hakuna anayeshuka kabla kuta hazijalazwa au kuzuiwa. Mchanga unataka nafasi kubwa: kwa kila mita ya kina, rudisha ukuta nyuma mita moja na nusu kila upande. Kwenye uchochoro wenye kibanda cha mama ntilie nafasi hiyo hupati, kwa hiyo ni mbao na mirunda. Unaipigilia kuanzia juu kwenda chini, na wakati wa kufukia unaitoa kuanzia chini kupanda juu. Ngazi iwe jirani na anayefanya kazi, siyo mwisho wa mtaro.

Kuhusu nyaya na mabomba yaliyozikwa, nenda TANESCO (umeme), DAWASA (maji) na kampuni za simu uulize njia zao, halafu usiiamini ramani peke yake. Muulize na mzee wa mtaa, kisha chimba mashimo ya kupimia kwa mkono kabla ya kuleta mashine. Ukikuta mchanga mweupe laini katikati ya udongo mwekundu, au tofali zilizopangwa mstari, weka mtaimbo chini. Mwenzio alishapita hapo. Na udongo uliowahi kufukuliwa haushikani tena kama wa asili, kwa hiyo mtaro unaopita ubavuni mwa mtaro wa zamani ni wa kuogopwa mara mbili.

Kufukia ndiko tunakofanya kama watu wanaokimbia mvua. Bomba likae juu ya sentimita 10 za mchanga usio na mawe. Mbavu zake zishindiliwe kwa mkono pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo litasukumwa upande mmoja. Viungio viache wazi mpaka upime presha. Funika kwa mchanga mpaka sentimita 30 juu ya bomba, tandaza utepe wa tahadhari, halafu ndiyo mashine ya kushindilia iingie: tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe kabla ya inayofuata. Kumwagia maji kunasaidia kwenye mchanga. Kwenye mfinyanzi unatengeneza uji.

Masika moja niliitwa mtaa tuliomaliza kazi miezi mitano nyuma. Bajaji ilikuwa imezama gurudumu la mbele kwenye mstari wetu, na dereva ananiangalia tu. Tulikuwa tunawalipa vibarua kwa mita iliyochimbwa, kwa hiyo kufukia walikuwa wanafanya bure, na kwa kweli ilionekana.

Sasa nusu ya malipo inatoka bomba likishalala, nusu ya pili mtaro ukishapita mtihani wangu. Natembea na nondo ya milimita 12 na kuisukuma kwa mkono kila baada ya hatua kumi. Ikizama kirahisi, tabaka lile linafukuliwa. Vibarua wananiita Bwana Nondo, na wakiniona natokea kwenye kona nasikia mashine ya kushindilia inawashwa.