Malisho ya punda na farasi Dodoma: usifuate moja kwa moja ushauri wa kufugia ng'ombe

Mkuu mleta mada, umesema eneo lako la Kongwa lina punda kadhaa na farasi mmoja, nyasi zinakwisha kila ikifika Agosti, na jirani kakushauri uite trekta ulime lote kisha upande nyasi za bafel. Nafuga punda na ng'ombe huku Mpwapwa, na naomba sana usikimbilie trekta.

Kongwa hiyo hiyo ndiko Waingereza walikofyeka pori kwa mradi wa karanga mwaka 1947, na kufikia 1951 mradi umekufa. Mvua ilikuwa haba, na udongo ule ukilowa kisha ukapigwa jua unashikana ukawa kama saruji. Nyasi za asili ulizonazo ndizo zinazoushika. Palipo na upara tu, kwaruza mistari kwa jembe la mkono, sia mvua zikishakolea, mbegu isizame zaidi ya sentimita moja hivi. Tumia bafel iliyovunwa msimu uliopita, maana mbegu mpya nyingi hugoma kuota.

Sasa shida yenyewe. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, anazungushia ulimi na kung'oa. Punda na farasi wana meno juu na chini, wanakata mpaka shinani. Tena wanarudia palepale penye machipukizi matamu, na pale wanaponyea hawagusi. Ndiyo maana shamba moja lina upara huku na vichaka vya nyasi kule. Gawa eneo vipande vitatu au vinne, hata kwa uzio wa miiba. Nyasi zikibaki urefu wa kiganja, hamisha. Zikirudi kimo cha goti, rudisha. Mvua za kwanza za Desemba wafungie zizini uwalishe humo mpaka nyasi zijijenge. Najua inauma kuona kijani nje na wanyama ndani, lakini kuwatoa wiki hizo ndiko kunakomaliza shamba.

Wakitoka kipande kimoja, ingiza ng'ombe. Watakula vile vichaka walivyosusa wenzao, na minyoo mingi ya punda haiendelei tumboni mwa ng'ombe. Kinyesi kizoe, usikitawanye shambani wakiwa bado wanalisha humo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: bafel ina oksaleti, kemikali inayofunga kalsiamu isifyonzwe mwilini. Tumbo la ng'ombe huivunja, la farasi na punda haliwezi. Wakila bafel peke yake miezi mingi, mifupa inalegea, wanachechemea, na mifupa ya uso inavimba. Kwa hiyo changanya na nyasi za Rhodes au za asili, na uwape majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri. Yakiwa na ukungu tupa, usihurumie. Na majani ya mti wa lukina tunayowapa ng'ombe huku wasipewe: ina sumu inayonyofoa nywele za shingo na mkia.

Hay, yaani nyasi za kukausha, ukate zikianza kutoa maua, mara nyingi Machi au Aprili, ukiombea siku mbili tatu za jua. Ukisubiri Juni unavuna mabua. Ihifadhi juu ya kichanja, si chini, mchwa wa huku unawajua. Halafu tupe idadi kamili ya wanyama na ukubwa wa eneo. Kama ni ekari mbili tatu tu, hata ugawe vipi hazitawatosha mwaka mzima, na hesabu ya chakula cha kununua inabidi uianze sasa, bei ikiwa bado chini.