Maswali ya Wasomaji: Orson Pratt, mtume aliyeipima njia ya magharibi

Swali: Nimesoma kwamba Wamormoni, wafuasi wa Kanisa lililoanzishwa Marekani na Joseph Smith, waliosafiri kuelekea bonde la Salt Lake huko Utah mwaka 1847 walikuwa na mashine ya kuhesabu maili iliyobuniwa na mtume wao, Orson Pratt. Ilifanyaje kazi? Na sifa ni yake peke yake?

Jibu: Sifa wagawane watatu. Aliyechoshwa na kukisia alikuwa karani wa msafara, William Clayton. Tarehe 8 Mei alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la gari, akatembea kando yake kutwa nzima akihesabu kila kitambaa kilipozunguka. Alipata mizunguko 4,070. Mzingo wa gurudumu lile ulikuwa futi 14 na inchi 8, kwa hiyo mizunguko 360 ni maili 1 kamili. Safari ya siku ile ikawa maili 11 na robo na kidogo. Wenzake walikuwa wamekisia 13, wengine 14.

Pratt, aliyependa hisabati kuliko mitume wenzake wote, ndiye aliyechora namna ya kumpumzisha karani. Katika mchoro wake, gurudumu la gari likizunguka mara 6, skrubu huzunguka mara 1. Skrubu hiyo husukuma gurudumu la meno 60, na kwa kuwa 6 mara 60 ni 360, gurudumu hilo humaliza mzunguko mmoja kwa kila maili. Nalo huzungusha skrubu ya pili inayosukuma gurudumu la meno 30, ambapo kila jino ni maili moja. Ukiyapa meno namba, unasoma umbali muda wowote wa siku bila kuhesabu chochote.

Fundi alikuwa Appleton Harmon, aliyeichonga kwa mbao. Yeye hakuufuata mchoro neno kwa neno: tarehe 16 Mei alikamilisha kwa kuongeza gurudumu linalozunguka mara moja kwa maili 10 na kuonyesha hadi robo maili, kisha akaifunika yote isipigwe na mvua na jua. Kifuniko hicho si pambo. Meno ya mbao yakilowa huvimba na kukwama, yakikauka sana hulegea.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni mzingo wenyewe. Futi 14 na inchi 8 ni inchi 176. Ukikosea inchi 1 tu, katika safari ya maili elfu moja kosa linakaribia maili 6. Clayton alipochapisha mwongozo wake wa wasafiri huko St. Louis mwaka 1848, aliandika maili 1,031 kutoka Winter Quarters, kambi walikoanzia safari, hadi Salt Lake, na wahamiaji wa baadaye walipanga malisho na maji kwa hesabu hizo.

Swali: Katikati ya bara hakuna bahari. Pratt aliwezaje kupima latitudo kwa sekstanti, chombo cha kupima kimo cha jua au nyota, ambayo hutegemea mstari wa upeo wa macho?

Jibu: Kwa zebaki. Miongoni mwa vyombo ambavyo mtume mwenzake John Taylor alivileta kutoka Uingereza Aprili 1847 kulikuwa na sekstanti mbili, barometa mbili na vyombo viwili vya upeo wa bandia. Zebaki humiminwa kwenye trei, nayo hujilaza sawasawa yenyewe. Mpimaji hulinganisha jua la angani na jua linaloonekana ndani ya zebaki. Pembe anayoipata ni maradufu ya kimo halisi, hivyo huigawa kwa mbili, na kosa la kusoma kipimo nalo hupungua nusu.

Taabu ziko mbili. Upepo ukiitikisa zebaki, taswira huvunjika, ndiyo maana hufunikwa kwa kioo. Ya pili humkuta mpimaji wakati wa kiangazi: jua la adhuhuri hupanda mno hata pembe maradufu ikapita nyuzi 120 hivi, ambapo sekstanti ya kawaida hukomea. Hapo husubiri usiku na kupima Nyota ya Kaskazini.

Swali: Pratt aliingia bonde la Salt Lake kabla ya Brigham Young, kiongozi wa msafara?

Jibu: Ndiyo, kwa siku tatu. Young alikuwa mgonjwa wa homa ya milimani, na Pratt akatangulizwa na kikosi cha kusafisha njia. Tarehe 21 Julai yeye na Erastus Snow waliingia na farasi mmoja kati yao. Snow akagundua koti lake limeanguka, akarudi kulitafuta, Pratt akaendelea kulizungukia bonde peke yake. Siku mbili baadaye kikosi kilianza kulima. Ardhi ilikuwa ngumu, wakazuia kijito ili maji yailainishe.

Mapema Agosti akaanza kuupima mji, akisaidiwa na Henry Sherwood. Kila kitalu kilikuwa ekari 10, yaani futi 660 kila upande, kikigawanywa viwanja 8 vya ekari 1 na robo. Barabara zilipewa futi 132. Mnyororo wa wapimaji una futi 66, basi kitalu ni minyororo 10 na barabara ni 2, bila masalio. Alama ya kituo chake cha kuanzia ipo hadi leo kwenye kona ya kusini-mashariki ya Temple Square.

Swali: Alikuwa katika Mitume Kumi na Wawili wa kwanza, wa mwaka 1835. Mbona hakuwahi kuwa rais wa Kanisa?

Jibu: Ni kwa sababu ya miezi mitano. Agosti 1842, huko Nauvoo, mji wa Wamormoni wakati huo, alitengwa na Kanisa katika mgogoro uliomhusu mkewe Sarah na Joseph Smith. Alibatizwa upya na kurudishiwa utume Januari 1843. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwondolea nafasi yake ya awali, na ndiye aliyepewa kazi nzito ya kuitangaza mitala hadharani tarehe 29 Agosti 1852. Lakini rais akifa, hufuata mtume mkongwe kuliko wote, na mwaka 1875 Young, aliyekuwa rais, aliamua ukongwe huo uhesabiwe kwa utumishi usiokatika. Mtume Orson Hyde, ambaye pia aliwahi kutoka kwa muda mfupi, akashuka, Pratt akashuka. John Taylor, mtume tangu 1838, akawa mbele yao.

Young alifariki 1877 na Hyde 1878. Kwa utaratibu wa zamani zamu ingekuwa ya Pratt. Taylor ndiye aliyewekwa kuwa rais mwaka 1880. Pratt aliendelea kuwa mwanahistoria wa Kanisa, na toleo la Kitabu cha Mormoni la 1879 lina sura na mistari aliyoigawa yeye. Alifariki Salt Lake City tarehe 3 Oktoba 1881, wa mwisho kufa kati ya wale kumi na wawili wa 1835 waliobaki katika Kanisa.