Jibu: Nipige 2,4-D (dawa ya kuua magugu) kwenye dengu za wiki tatu?
Mkuu, usithubutu! 2,4-D huua mimea ya majani mapana, na dengu ni mmojawapo; utabaki na nyasi tupu. Wiki tatu hujachelewa. Dengu hukua polepole mwanzoni, kwa hiyo magugu ya siku 60 za kwanza ndiyo yanayokula mavuno, hasa huku mbugani (tambarare za udongo mweusi mzito) Misungwi, Mwanza, tunakotegemea unyevu uliobaki baada ya mpunga: kila gugu linakunywa maji ya dengu zako. Ingia na jembe sasa, palilia juujuu usijeruhi mizizi, kisha rudia kabla hazijatoa maua. Ndago, lile gugu linalofanana na nyasi, ing'oe na vinundu vyake vya chini, ukiikata tu inachipua. Msimu ujao panda kwa mistari. Ukimwaga mbegu ovyo (wengi wetu ndivyo tulivyozoea), jembe litapita wapi?