Miguu yenye ganzi ya kisukari: namna ya kuufundisha mwili kusimama imara

Mtu mwenye kisukari ambaye neva za miguu yake zimeharibika anaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado akaanguka, kwa sababu ubongo haupati habari kutoka kwenye nyayo. Ili tusimame bila kuyumba, ubongo hukusanya habari kutoka kwa macho, kutoka ndani ya sikio, na kutoka kwenye ngozi, misuli na maungio ya miguu. Kisukari huanza na neva ndefu kuliko zote, ndiyo maana ganzi hutokea vidoleni kwanza kisha hupanda. Hisia ya nyayo ikififia, macho hubebeshwa kazi yote. Hapo utamwona mtu anatembea vizuri mchana, lakini anapepesuka akifumba macho kuosha uso, au taa ikizimika ghafla.

Mazoezi hayafufui neva iliyokufa. Kazi yake ni kuimarisha vifundo vya miguu na nyonga, kuharakisha hatua ya kujiokoa, na kuuzoesha ubongo kutumia habari zilizobaki. Kwa sababu hiyo hatupendi kuona mtu mwenye ganzi akifuata mazoezi yaliyotungwa kwa watu ambao nyayo zao bado zinahisi: kusimama peku, kufumba macho, kupanda juu ya mto laini. Kwake mambo hayo matatu yanaondoa hata kile kidogo alichobakiwa nacho.

Kabla ya kusimama

Kagua nyayo kwanza. Tumia kioo, au mwombe mtu akutazamie chini ya unyayo na katikati ya vidole. Kama kuna kidonda kilicho wazi au lengelenge, mazoezi ya siku hiyo yawe ya kukaa tu, na kidonda kionwe na mhudumu wa afya. Kama mguu mmoja umevimba, ni mwekundu na una joto kuliko mwenzake, acha kabisa kuukanyagia na uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hauumi. Watu hudhani wameteguka. Inawezekana mifupa ya unyayo inavunjika na kusogea bila maumivu, na kila hatua unayopiga inazidi kuiharibu.

Vaa viatu, hata ndani ya nyumba. Kiatu kinachofaa kimefunika kisigino, kinafungwa kwa kamba au kwa mkanda, kina nafasi ya kutosha vidoleni, na soli yake ni ngumu kiasi na si nene. Soli nene na laini hupendeza mguuni, lakini unyayo huzama na kuyumba ndani yake. Ndala hazifai: mguu hulazimika kuzikamata kwa vidole, na zikichomoka hutajua. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, maana kijiwe au mshono uliofumuka hutausikia kwa mguu.

Kama unatumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, gliklazaidi au glimepiraidi, pima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita (miligramu 90 kwa desilita), kula gramu 15 za wanga unaofyonzwa haraka (kama sukari ya kawaida), subiri dakika 15, upime tena. Ikiwa juu ya milimoli 14 (miligramu 250) na hujisikii vizuri, au kuna ketoni (kemikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta badala ya sukari) kwenye mkojo au damu, ahirisha. Kumbuka pia kwamba miguu inayotetemeka kwa sukari kushuka hufanana sana na miguu isiyo na usawa. Ukiyumba kuliko kawaida yako, pima kabla ya kulaumu zoezi.

Wapo ambao kisukari kimegusa pia neva zinazoendesha moyo na mishipa ya damu. Hao wakiinuka, shinikizo la damu linashuka na kichwa kinazunguka. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, daktari anapaswa kujua, na pengine dawa zibadilishwe. Kabla ya kuinuka, kaa dakika 1 au 2 na upandishe na kushusha vidole vya miguu mara 20. Usipime ukali wa zoezi kwa mapigo ya moyo, kwa sababu moyo wa namna hii hauongezi mwendo inavyotarajiwa. Kama bado unaweza kuongea sentensi nzima, unaenda vizuri. Mwenye uharibifu wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) asibane pumzi na asiinamishe kichwa chini ya kiuno.

Mahali, na kazi ya kidole

Mahali pazuri kuliko pote ni pembe ya chumba. Simama mgongo ukielekea pembe, na mbele yako uweke kiti kizito, egemeo lake likiwa upande wako. Ukienda nyuma kuta zinakupokea, ukienda mbele unashika kiti. Kiti chepesi cha plastiki hakikufai. Kitaanguka pamoja nawe. Ondoa mikeka na waya sakafuni, na washa taa.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Ncha ya kidole kimoja ikigusa kidogo tu kitu kisichosogea, bila kukiegemea, kuyumba hupungua waziwazi. Kidole hakikubebi. Kinaupa ubongo habari ambayo unyayo umeshindwa kuileta: mwili unaelekea wapi, na kwa kasi gani. Kwa hiyo usione haya kugusa. Anza kwa mikono miwili, nenda kwenye mkono mmoja, kisha kidole kimoja, kisha kidole kikae hewani sentimita chache juu ya kiti. Ukijikuta umekandamiza kiti hadi vidole vimebadilika rangi, umeruka hatua, rudi nyuma.

Mkongojo nao husaidia kwa njia hiyo hiyo, ndiyo maana unamfaa hata mtu mwenye miguu yenye nguvu. Ukisimama wima na mkono umening'inia, mpini wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono.

Mazoezi yenyewe

Kusimama kuna ngazi nne. Kwanza miguu miwili ikae pamoja. Kisha kisigino cha mguu mmoja kiwe kando ya kidole gumba cha mwingine. Halafu mguu mmoja uwe mbele ya mwingine kwenye mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole. Mwisho, mguu mmoja. Kaa katika ngazi moja hadi utimize sekunde 30 kwa kugusa kidogo na sekunde 10 bila kugusa, ndipo upande. Asiyeweza kukaa sekunde 10 kwenye mstari mmoja bila kushika yuko katika hatari kubwa ya kuanguka, na ni vema aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Ngazi ya mguu mmoja hatuilazimishi: uzito wote unatua kwenye unyayo mmoja, na kwa aliyewahi kupata kidonda hapo, au ambaye umbo la mguu limebadilika, faida hailingani na hatari. Ngazi ya tatu inamtosha.

Ukitaka kuongeza ugumu, usifumbe macho. Geuza kichwa polepole kushoto na kulia, au ongea na mtu, au hesabu kuanzia 100 ukishuka kwa 3. Maishani watu huanguka wakiwa wameitwa jina au wamebeba kitu, kwa hiyo zoezi hili linafanana na hatari yenyewe. Kufumba macho na kusimama juu ya sponji tunamwachia mtaalamu aliyesimama karibu nawe.

Vifundo vya miguu vinahitaji nguvu. Shika kiti, inua visigino kwa sekunde 2, shusha kwa sekunde 3, mara 10; pumzika, rudia. Kosa la kawaida ni kuinamia mbele au kulalia upande wa nje wa mguu, na mwenye ganzi halihisi, basi tazama chini au tumia kioo. Kisha, ukiwa umekaa, visigino vikiwa sakafuni, inua sehemu ya mbele ya miguu mara 10 hadi 15. Misuli hii ya mbele ya muundi ndiyo inayonyanyua vidole unapotembea. Ikilegea, ncha ya kiatu inakwama sakafuni na mtu anajikwaa mahali ambapo hapana kitu.

Kifundo kikishindwa, nyonga ndiyo inayookoa. Tembea kiubavu ukigusa ukuta au meza ndefu, hatua 10 kila upande, vidole vikitazama mbele. Kisha inuka kitini mara 5 hadi 10: miguu nyuma kidogo ya magoti, kifua mbele, pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo usimame. Kukaa kuwe polepole. Ukijitupa kitini, umepoteza nusu ya zoezi. Kiti kikiwa kifupi mno, ongeza mto mgumu.

Yaliyobaki ni hatua. Kinachomzuia mtu kuanguka ni hatua ya haraka, ndefu ya kutosha, hivyo ifanyie mazoezi: mbele na kurudi, kando na kurudi, nyuma na kurudi, mara 10 kila mguu. Unapogeuka, zunguka kwa hatua ndogo ndogo. Kugeuza mwili huku unyayo umebaki palepale ni hatari, kwani mguu usiohisi hautakwambia kwamba umesokotwa.

Anza na dakika 10, siku 3 kwa wiki zisizofuatana, uongeze hadi dakika 20 au 30. Chama cha Kisukari cha Marekani hupendekeza kwa wazee wenye kisukari mazoezi ya usawa na ya kunyoosha mwili mara 2 hadi 3 kwa wiki. Mabadiliko huchukua wiki kadhaa, na ukiacha hupotea. Kama umetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi na ganzi inazidi, omba upimwe vitamini B12. Dawa hiyo inaweza kuipunguza, na upungufu wake nao huharibu neva.

Ukimaliza, vua viatu na soksi utazame tena. Wekundu uliofifia ndani ya dakika 20 hadi 30 si wa kutisha. Usiofifia unaonyesha mahali kiatu kinapobana au uzito unapozidi: weka alama mahali hapo, badilisha kiatu, na mazoezi yanayofuata yafanye umekaa hadi ngozi irudie rangi yake.