Nas: uanzie wapi?
Umeuliza uanze na albamu ipi ya Nas, rapa wa Marekani. Ndugu yangu, anza na Illmatic ya 1994, usiende kwingine kwanza. Ina nyimbo 10 tu, kama dakika 40 hivi, na jamaa alikuwa na miaka 20, kijana wa Queensbridge, New York. Wimbo wa tatu usiukatishe: tarumbeta unayoisikia mwishoni inapigwa na baba yake mzazi, Olu Dara, mwanamuziki wa jazi. Mimi pale husisimkwa kila mara. Baada ya hapo ruka hadi King's Disease ya 2020, midundo ya prodyuza Hit-Boy. Hiyo ndiyo iliyompa Grammy yake ya kwanza, mwaka 2021. Walimchelewesha mno!