Buibui, Nguzo na Cheti: Bi Fundi Awajibu Wasomaji

Barua za mwezi huu zimekuja kwa wingi, kutoka Kizingitini hadi Mambrui, pwani yetu ya Kenya, na karibu zote zauliza jambo moja kwa sura tofauti: hizi kazi za stima, jua na upepo ni za nani? Nimeshika waya tangu usichana, na kovu la kuungua ninalo kwenye kidole gumba cha kushoto. Basi najibu kama fundi. Maafisa wa kuajiri wana majibu yao.

*Shikamoo Bi Fundi. Nina miaka 19, nakaa Langoni, Lamu. Kidato cha nne nilipata D+. Nataka kusomea stima, lakini baba anasema mtoto wa kike hapandi nguzo na buibui lake. Nimwambie nini?*

Marahaba, mwanangu. Baba ana nusu ya haki. Buibui halipandi nguzo, maana nguo inayopepea ni hatari juu ya ngazi, na karibu na mashine inayozunguka ni hatari zaidi. Lakini hata kanzu haipandi nguzo, na sijasikia mtu akisema wanaume wa Lamu wasiwe mafundi.

Mimi huvaa ovaroli pana ya mikono mirefu, na ushungi wa pamba nilioutia ndani ya kola, kisha kofia ngumu juu yake. Nasema pamba kwa sababu: moto wa stima ukilipuka mbele yako, nailoni huyeyuka ikagandana na ngozi, na kuibandua ni kazi ya daktari. Pamba huungua, lakini haigandi. Mweleze baba hivyo, atajua umeuliza kwa wanaojua.

Halafu mwambie nguzo ni sehemu ndogo. Kuna kufunga na kupima mita, kuna waya za majumbani, kuna vituo vya transfoma, kuna chumba cha udhibiti ambapo mtu hukaa kitini akitazama skrini. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu (ya jua, upepo na mfano wake), IRENA, liliripoti mwaka 2019 kwamba wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu duniani, ilhali kwenye mafuta na gesi ni 22. Usiifurahie sana hiyo 32. Ukiitazama ndani, kazi za ofisini wanawake ni asilimia 45, na zile za sayansi na uhandisi ni 28. Yaani tunaingia, lakini wengi wetu tunaishia kwenye meza ya mapokezi. Wewe usikubali kuishia hapo kama unataka bisibisi.

Kuhusu D+: yatosha kuanza kozi ya cheti katika chuo cha ufundi, maana kwa kawaida huombwa D. Diploma hutaka C-, lakini ukimaliza cheti vizuri unapanda. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutolewa pia kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, usidhani ni wa chuo kikuu peke yake.

Na jambo ambalo hakuna atakayekwambia. Mradi wangu wa kwanza, kwa mkandarasi ambaye sitamtaja, tulikuwa wanaume arubaini na mimi. Choo kilikuwa kimoja, hakina komeo. Kila siku saa nne nilitembea hadi nyumba ya bibi mmoja jirani, nabisha hodi, naomba choo chake, na jioni nampelekea sukari robo. Fomeni akanikata saa za kutembea. Sikuacha kazi, ila ningeambiwa leo nitaje kinachowatoa wasichana kwenye miradi, nisingeanza na nguzo. Ningeanza na choo. Ukienda kuulizia kazi, uliza hilo bila haya.

*Bi Fundi, mradi ukija, vijana wa kijiji tunaitwa kufyeka na kuchimba mitaro. Baada ya miezi kadhaa kazi imekwisha, na tunaona magari yakishusha watu wa mbali wenye mikoba ya kompyuta. Huu si ukabila? Kijana wa Ganda, Malindi.*

Yaweza kuwa ukabila, na yaweza kuwa hesabu. Tuanze na hesabu.

Shamba la jua lina mageti mawili. Geti la ujenzi ni pana, geti la uendeshaji ni dogo kama tundu la sindano. Chukua lile la Langobaya, lililoanza kuuza stima mwishoni mwa 2021: megawati 40, paneli zaidi ya laki moja na nusu. Kila paneli lazima ibebwe na mtu na ikazwe boliti na mtu. Zikishakaa, jua hufanya kazi bila mshahara. Kazi inayobaki ni kuosha vumbi, kukata nyasi zisitie kivuli, kulinda ua, na mafundi wachache wa inveta, vile vifaa vinavyogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika kwenye laini. Ni hivyo kwa jua kokote duniani, ajiri umtakaye.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba ile miezi ya mitaro ndiyo miezi ya kujipenyeza. Mtaro ukiisha, waya hulazwa. Omba kuwa kwenye kundi la kulaza waya hata kwa malipo yale yale. Siku ya mwisho, usiondoke bila barua yenye mhuri inayosema ulifanya nini. Wengi huondoka na pesa ya wiki na picha za simu. Picha haikuombei kazi.

Sasa sheria. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inasema shirika la umma lisiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Soma vizuri: shirika la umma. Kampuni ya binafsi haiguswi na kifungu hicho, ila Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri yeyote kubagua kwa kabila, jinsia, dini au ulemavu. Na Sheria ya Nishati ya 2019 inataka miradi iwape nafasi Wakenya na bidhaa za Kenya. Hapo ndipo watu wa pwani hupotea: "wa hapa" kwa sheria hiyo ni Kenya nzima, si Ganda. Mtu wa Nyeri naye ni wa hapa. Mnachotaka nyinyi lazima mkidai barazani kabla ua haujajengwa, na kwa tarakimu: vijana wangapi watasomeshwa, wangapi watabaki baada ya ujenzi, nani atahesabu. Ahadi ya "tutawakumbuka wenyeji" haina tarakimu, na mimi siihesabu kuwa ahadi.

*Je, waliopinga makaa ya mawe Lamu hawakutunyima kazi? Mzee wa Hindi, Lamu.*

Shikamoo mzee wangu. Mtambo ule wa stima ya makaa, pale Kwasasi, ulikusudiwa kuwa wa megawati 1,050, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Ujenzi ungeleta vibarua, sikatai. Lakini baada ya ujenzi geti ni lile lile dogo, na anayepita ni mwenye cheti. Upande wa pili wa mizani uweke mvuvi, mchuuzi wa samaki, nahodha wa mashua ya watalii na fundi wa kuchonga milango, ambao kazi zao hazikuandikwa kwenye makaratasi ya mradi. Mimi nilikuwa upande wa waliopinga, na bado nipo huko. Ninachosikitika ni kwamba hatukutumia miaka ile ya mabishano kusomesha mafundi wetu.

*Mimi ni fundi wa sola Faza, miaka kumi na tano, nyumba na mashua. Sina cheti hata kimoja. Juzi mteja wa Shela ameniomba leseni, nikaona aibu. Nifanyeje na umri huu?*

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu wewe ndiye watu wa visiwani wanaokutegemea na ndiye usiyeonekana kwenye takwimu yoyote.

Leseni ya sola hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Kanuni za mwaka 2012 ziliweka madaraja matatu ya mafundi. T1 ni mifumo midogo, betri moja na paneli zisizozidi wati 100. T2 ni paneli na betri kadhaa, pamoja na inveta. T3 ni mifumo mikubwa, ikiwemo ile inayounganishwa na stima ya laini. Kwa hoteli za Shela, T1 haitoshi.

Ili uipate lazima uwe na karatasi ya mafunzo, na hapo ndipo mafundi wetu hukata tamaa. Usikate. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mtihani wa daraja kwa mafundi waliojifunza kazini. Unaanza daraja la tatu, unapanda la pili na la kwanza. Mtihani ni wa mikono zaidi kuliko wa kalamu. Pia sasa kuna utaratibu wa kutambua ujuzi aliokuwa nao mtu bila kupita darasani. Kusanya ushahidi: majina ya wateja watano watakaokubali kukusemea, picha za kazi zako na tarehe zake, risiti za vifaa.

Lakini nikuonye kama mwenzako. Miaka kumi na tano yaweza kuwa mwaka mmoja wa ujuzi uliorudiwa mara kumi na tano. Mwaka jana nilifungua kiungio cha waya juu ya dari moja Shela, kazi ya fundi mzoefu. Shaba ilikuwa imegeuka kijani kama kasuku, na plastiki imelegea kwa joto. Alisokota waya kwa mkono, akazungusha utepe wa gundi, na upepo wa chumvi ukamaliza kazi. Hapakuwa na waya wa ardhi, ule wa kupeleka stima iliyovuja udongoni. Tajiri wa nyumba alikuwa akilalamika betri "zinakufa mapema", kumbe stima nyingi ilikuwa ikipotea pale kama joto. Darasani utafundishwa kubana viungio kwa koleo lake, kuvifunga maji yasiingie, na kuchagua unene wa waya kulingana na umbali. Hayo matatu peke yake yatakurudishia ada.

*Nina mimba ya miezi minne. Msimamizi wa mradi ameniambia nikae nyumbani, nisirudi. Ni haki?*

Si haki. Mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu, Sheria ya Ajira yasema waziwazi, na unastahili likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Kupanda juu uache kwa sasa, omba kazi ya stoo au ya kupima vifaa. Mwandikie msimamizi barua, baki na nakala, na asipojibu nenda ofisi ya leba. Simu haitoshi, andika.

*Nina diploma ya umeme na mguu mmoja. Nasita kutuma maombi.*

Tuma. Katiba, ibara ya 54, inataka, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya umma vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu. Lenga chumba cha udhibiti, maabara ya mita, uchoraji wa mifumo. Kadi ya baraza la watu wenye ulemavu uwe nayo mapema.

*Nimesoma sheria, si uhandisi. Nina nafasi kwenye nishati?*

Rebecca Miano, aliyeiongoza KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, kuanzia 2017 hadi 2022, ni wakili. Mikataba ya ardhi, ya kuuza stima na ya bima haiandikwi kwa bisibisi.

*Binti yangu anaanza mafunzo ya kazini Jumatatu, hapa Malindi. Nimnunulie nini? Mama wa Maweni.*

Viatu vya soli nzito ya mpira, visivyo na chuma nje. Bisibisi mbili zenye mpini wa kuzuia stima, na tester nzuri, si ile ya shilingi hamsini ya stendi. Glavu asinunue; hizo ni za kampuni kumpa, na zipimwe kabla hajavaa. Bangili na pete azivue kabla hajatoka nyumbani, hata ile ya dhahabu aliyopewa na nyanya yake.